Tandiko linapinda, farasi anagoma: chanzo kiko kwenye kifaa gani?

Kwenye mabanda ya farasi ya Kisongo na Usa River, na hata ukizunguka mlima mpaka Siha, kuna dawa moja ya kila tatizo: kaza. Tandiko limepinda, kaza mkanda wa tumbo. Farasi anarusha kichwa, kaza mkanda wa pua. Helmeti inacheza, kaza kamba ya kidevu. Mara chache inasaidia. Mara nyingi inaficha chanzo kwa siku kadhaa, halafu tatizo linarudi likiwa na kidonda.

Hapa tunaanza na dalili, kisha tunarudi nyuma hadi kwenye ukanda, bizimu au mshono ulioileta. Nimewafikiria zaidi wanaorithi vifaa: saisi (mtunza farasi) aliyekabidhiwa stoo ya matandiko ya zamani, mwongozaji anayepokea wageni wa kila umbo, na mtu aliyenunua farasi pamoja na vyote vilivyokuwa mgongoni mwake. Anayeanza na vifaa vipya vilivyopimwa ana bahati yake.

Tuelewane kwanza kwa majina. Lijamu ni chuma cha mdomoni. Hatamu ni zile unazoshika mkononi. Vikuku ni vya kukanyagia, na kila kimoja kinaning'inia kwenye ukanda wake. Mkanda wa tumbo ndio unaolishika tandiko lisianguke.

Tandiko linazunguka

Swali la kwanza ni linazunguka saa ngapi.

Kama ni wakati wa kupanda tu, farasi huenda alijikaza kifua ulipokuwa unafunga, na sasa ameachia. Wengi hufanya hivyo, hasa waliowahi kufungwa kwa nguvu mara moja. Funga kwa hatua. Mara ya kwanza mkanda ushike tu. Mtembeze hatua kadhaa, ongeza tundu moja kila upande. Kabla ya kupanda angalia tena, na dakika tano au kumi baada ya kuondoka angalia mara nyingine ukiwa juu. Vidole viwili bapa vipite kati ya mkanda na ngozi, kwa kubanwa kidogo. Vikigoma kabisa, umezidisha.

Kisha acha kupandia chini. Mtu wa kilo 80 akijivuta juu kwa kikuku cha kushoto analivuta tandiko lote upande mmoja na kuukandamiza uti wa mgongo. Kigogo kilichokatwa vizuri, jiwe pana au kreti imara ya soda vinatosha. Kwenye safari ya mlimani tafuta kingo ya njia, farasi asimame upande wa chini. Wapo wanaoona aibu kupandia kwenye kigogo kwa sababu wageni wanatazama. Mgongo wa farasi hauijui hiyo aibu.

Kama linakwenda upande uleule kila siku, vua kanda zote mbili za vikuku uzitundike kwenye msumari mmoja. Karibu kila mara ule wa kushoto umekuwa mrefu, kwa sababu ndio unaobeba watu wakipanda. Ukihesabu matundu utadhani ziko sawa, kumbe hazilingani. Zibadilishane pande kila baada ya wiki chache. Zikiwa zimepishana sana, nunua jozi mpya. Kanda zikiwa sawa, simama nyuma ya tandiko likiwa mezani utazame ile mito miwili ya chini. Sufu ya ndani hujikusanya na kukandamizika, na mto mmoja ukinywea, tandiko lote linaelekea huko.

Mito nayo ikiwa sawa, badilisha mpanda. Kuna watu hukaa upande bila kujijua. Akipanda mwingine na bado linakwenda kulekule, mtazame farasi mwenyewe: mwombe mtu amkimbize mchakamchaka kwa kamba kwenye ardhi ngumu, bila tandiko, wewe ukiangalia nyuma yake. Farasi anayechechemea kidogo mguu wa nyuma anaweza kulisukuma tandiko upande mmoja muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuona kuchechemea kwenyewe. Hapo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Kuna chanzo kingine ambacho huku kwetu kinajirudia kila mwaka. Farasi aliyekonda wakati wa kiangazi hula majani ya masika kuanzia Machi, na ikifika Juni mgongo umekuwa wa duara. Tandiko lililokaa vizuri Februari sasa linakaa juu juu na kuviringika. Baadaye mvua zikichelewa anakonda, tandiko lilelile linashuka mpaka linagusa mfupa wa mabegani. Kwa hiyo tandiko lililopimwa mara moja halijapimwa milele. Lipime kila majira yakibadilika.

Linateleza mbele au nyuma

Kwenye tambarare ni jambo dogo. Kwenye miteremko ya Meru si dogo. Likirudi nyuma mnapopanda mlima, tumia mkanda wa kifua, ila ukutane na kifua bila kubana koo. Likikimbilia mabegani mnaposhuka, angalia kama uliliweka mbele mno tangu mwanzo: liweke mbele kidogo, kisha lisukume nyuma kwa kufuata manyoya mpaka litulie lenyewe nyuma ya mfupa wa bega. Watu hulirudisha mbele tena kwa sababu wanaona limekwenda nyuma sana. Lilipotulia ndipo mahali pake.

Anakunja masikio, anataka kuuma akiona tandiko

Kijana mmoja mwongozaji alirudi na farasi kutoka njia ya Momela akilalamika kwamba ana roho mbaya. Akamwamkia saisi mkongwe wa banda, akanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Marahaba. Usimpanguse kwanza, toa tandiko tu."

Mgongo wote ulikuwa umelowa, vumbi limegeuka tope la kijivu, isipokuwa madoa mawili ya ukubwa wa kiganja, doa moja kila upande, nyuma kidogo ya mabega. Hapo manyoya yalikuwa makavu na yamelala.

"Mzee, si hapo pakavu ndipo pazima?"

"Hapo ndipo palipobanwa. Jasho limekosa pa kutokea. Hebu bonyeza."

Kijana akabonyeza kwa ncha za vidole. Ngozi ikacheza, na farasi akauzamisha mgongo kukwepa.

Ukitaka kujifunza jambo moja tu hapa, jifunze kusoma mgongo kabla ya kuupangusa. Doa kavu katikati ya jasho, farasi akishtuka ukiligusa, ni mgandamizo. Doa kavu asiposhtuka linaweza kuwa ni mahali ambapo tandiko haligusi kabisa: limeshika mbele na nyuma, katikati limeacha daraja, na uzito wote umebebwa na ncha nne. Manyoya yaliyovurugika au kukatika ni msuguano, yaani tandiko linatembea. Na manyoya meupe kwenye farasi wa rangi nyingine, kwenye mabega au chini ya tandiko, mara nyingi ni kovu la zamani: mgandamizo uliokaa mpaka ukaua rangi. Hayarudi. Ukiyakuta kwa farasi unayetaka kumnunua, muulize muuzaji alikuwa anatumia tandiko gani.

Baada ya mgongo, kagua kitambaa cha chini ya tandiko. Kiguse upande wa ndani kwa kiganja, usitegemee macho. Kishonanguo hupenya kwenye sufu na kusimama kama sindano, na mwiba wa mgunga unaweza kukaa humo tangu msafara wa juzi. Kitambaa kilichokauka na jasho huwa kigumu na chenye chumvi. Kifuliwe, kisuuzwe mpaka sabuni iishe, kianikwe. Ukikitandika, kivute juu kiingie ndani ya mfereji wa tandiko, ile nafasi iliyo kati ya mito miwili. Kikibaki kimekazwa juu ya mfupa wa mabega, kinambana hata kama tandiko lenyewe ni zuri.

Halafu pima tandiko bila kitambaa. Mbele, kati ya tandiko na mwinuko wa mabega, viingie vidole viwili au vitatu mtu akiwa juu. Ukichungulia kwa nyuma uone mwanga ukipita mfereji mzima, maana hakuna sehemu ya tandiko inayoruhusiwa kugusa uti wa mgongo. Pitisha kiganja chini ya mto kutoka mbele kwenda nyuma: kibanwe sawasawa njia nzima, kisikwame mbele na kisielee katikati. Nyuma, tandiko liishie kabla ya kuvuka ubavu wa mwisho. Huko kiunoni hakuna mbavu za kulibeba.

Likiwa jembamba kwake, usiongeze blanketi. Blanketi linachukua nafasi ambayo tayari haitoshi, na kubana kunazidi. Likiwa pana kidogo, kitambaa kinene kinaweza kulisaidia kwa muda. Likiwa pana sana, litaviringika juu ya hiyo minofu ya kitambaa na utarudi kwenye kukaza.

Na pima uzito. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba farasi abebe takriban asilimia 20 ya uzito wake, pamoja na tandiko. Farasi wa kilo 400 ni kilo 80 kwa jumla. Tandiko, maji na mikoba vikichukua kilo 12, mpanda anabaki na 68. Mgeni wa kilo 100 apewe farasi mkubwa zaidi au atembezwe kwa gari, na mwongozaji amwambie kwa upole kabla hajalipa.

Anarusha kichwa, anafungua mdomo, anakataa lijamu

Hapa mkanda wa pua ndio hukazwa, na ndipo mdomo unapofungwa kwa nguvu usiseme unachouma. Ulegeze: vidole viwili vipite juu ya mfupa wa pua. Mkanda wa kooni nao uache nafasi ya ngumi.

Sasa tazama lijamu. Likining'inia chini linagonga meno. Likiwa juu mno, midomo inavutwa kama mtu anayelazimishwa kucheka. Mkunjo mmoja au miwili midogo kwenye kona ya mdomo inatosha kwa lijamu la kawaida. Kwa upana, litokeze kama milimita 5 kila upande. Likipungua linabana mashavu, likizidi linateleza na kuchuna. Pitisha kidole kwenye maungio: chuma cha zamani hulika na kuacha makali ambayo huyaoni, lakini ulimi unayajua.

Lijamu likiwa salama, huenda tatizo ni meno. Farasi husaga na kuacha ncha kali pembeni mwa magego, na wengine huota jino dogo la ziada pale pale lijamu linapokaa. Daktari akague kinywa walau mara moja kwa mwaka. Farasi akikataa kuguswa masikio unapovisha mikanda ya kichwa, washa tochi uangalie ndani: kupe wadogo hujificha mle na hawaonekani kwa nje. Na asubuhi za Juni na Julai, chuma kilicholala stoo huwa cha baridi kweli. Kishike viganjani kwa dakika moja. Ni huduma ya bure.

Mguu unapita kwenye kikuku, au unanasa

Hili ndilo linaloua. Mtu akianguka mguu ukiwa umekwama, anaburutwa.

Angalia kiatu kwanza. Raba haina kisigino, mguu unapita mpaka kifundoni. Gambuti ina soli pana yenye meno, inajibana na kukataa kutoka. Buti za mlimani walizokuja nazo wageni wa Kilimanjaro zina kasoro hiyohiyo, na ndizo watu wanazojivunia zaidi. Kinachofaa ni kiatu cha ngozi kinachofunika kifundo, soli ya kipande kimoja isiyo na meno makubwa, kisigino cha sentimita 2 au 3. Ukipekua mitumba ya Memorial pale Moshi, au Kilombero Arusha, utakipata bila kukiagiza nje. Kunja soli kabla ya kulipa. Iliyokauka itabanduka njiani.

Kisha pima kikuku: upana wa soli pale ilipo pana zaidi, ongeza sentimita 2.5. Banda linalopokea wageni linahitaji walau saizi tatu. Mtoto kwenye kikuku cha mtu mzima ni hatari kuliko mtu mzima kwenye kikuku kidogo, kwa sababu mguu wake wote unapenya.

Vikuku vya usalama vyenye mpira pembeni vinahitaji mpira unaochomoka. Nimeona mpira uliokatika ukibadilishwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa mafundo mawili. Hakichomoki hata uning'inie. Vuta kwa mkono kuelekea nje: usipoachia, kikuku hicho ni cha kawaida tu na kimepoteza kazi yake. Mwisho, inua bawa la tandiko uangalie chuma kinachoshika ukanda wa kikuku. Kile kiulimi cha mwisho kikae wazi, ukanda uweze kutoka mtu akianguka. Kikiwa kimeshika kutu kikiwa kimefungwa, kipakwe mafuta na kifunguliwe leo.

Magoti yanauma, mapaja yanachubuka

Magoti yakiuma, vikuku huenda ni vifupi. Weka ncha za vidole pale ukanda unapoanzia, uunyooshe chini ya mkono. Kikuku kifike kwapani. Hicho ni kipimo cha kuanzia. Kuchubuka ni mshono wa ndani wa jinzi: vaa suruali inayobana isiyo na mshono mnene, na kinga za ngozi za kufunga muundini kama ukanda unakubana.

Helmeti inacheza

Kamba ya kidevu haikutengenezwa kuishikilia helmeti isiyo saizi yako. Ivae bila kufunga, ikae usawa, kidole kimoja au viwili juu ya nyusi. Isukume mbele na nyuma: nyusi ziende nayo. Ikiteleza yenyewe ngozi ikabaki, ni kubwa. Ikikuuma paji la uso na pembeni ina nafasi, umbo lake si la kichwa chako, tafuta nyingine. Wenye rasta na misuko minene wapimwe wakiwa na nywele hizohizo watakazopanda nazo.

Ya bodaboda na ya baiskeli haifai. Hazikutengenezwa kwa anguko la farasi. Ndani ya inayofaa kuna lebo yenye alama ya kiwango cha usalama kama PAS 015, VG1 au ASTM F1163. Iliyowahi kupokea pigo haitumiki tena hata kama haina ufa, na hata isiyopigwa ibadilishwe baada ya takriban miaka 5. Ndiyo maana kwa kiatu nakupeleka mitumbani, kwa helmeti sikupeleki. Hujui ilianguka na nani.

Ngozi imeota ukungu, au inapasuka

Hizi ni dalili za majira mawili. Ukungu ni wa masika: stoo haina hewa, tandiko limefunikwa nailoni. Toa nailoni, fungua madirisha, futia nje kwa kitambaa chenye unyevu, kisha sabuni ya ngozi. Kaushia kivulini. Jua la mchana na moto wa jikoni vinaikausha ngozi haraka, na ndipo inapopasuka. Nyufa za kiangazi ni kiu na vumbi. Futa vumbi kila siku, paka mafuta ya ngozi kidogo kidogo. Oili chafu ya gari, ambayo bado watu wanaitumia, inaozesha uzi na kuchafua suruali za wageni.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika chache. Kunja ukanda mahali unapopita kwenye bizimu, maana ndipo unapokatikia. Ukiona nyufa zinazoingia ndani, ukanda umekwisha. Tundu lililokuwa duara likiwa limerefuka, nalo linakaribia kuchanika. Vuta mshono kwa kucha. Uzi ukikatika, wote umeoza.

Fundi viatu mzuri anaweza kushona upya kwa uzi wa nta, mkono wake ukifuata matundu ya zamani. Lakini mikanda inayobeba uhai, yaani ya tumbo, ya vikuku, hatamu, na zile kanda za tandiko ambazo mkanda wa tumbo unafungwa kwake, isigongwe misumari wala kubandikwa gundi. Badilisha.

Akishtuka anakata vifaa au anang'oa nguzo

Amefungwa kwenye kitu kisichokatika. Funga kamba ya kuongozea kwenye kitanzi chembamba cha katani kilichoko ukutani, si kwenye nguzo yenyewe. Katani itakatika kabla ya shingo kuumia. Nailoni ya marobota haikatiki kirahisi, hata ionekane nyembamba. Na asifungwe kwa hatamu hata kwa dakika moja, kwa sababu akirudi nyuma lijamu linaweza kuumiza taya. Ukikuta asubuhi hatamu zimekatika jirani na lijamu, usianze na fundi. Uliza nani alimfunga nazo jana.